Sweta Lisilo na Mikono

Jumatano ya Majivu ya mwaka jana nilimpoteza mume wangu. Nilikuwa nimetoka misa ya asubuhi, majivu bado yako kwenye paji la uso, nikamkuta ameanguka mlangoni mwa banda la ng'ombe, ndoo ya maziwa imepinduka kando yake. Majirani walileta gari. Hatukufika hospitali naye akiwa hai.

Tulimzika nyumbani kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na kahawa, karibu na makaburi ya baba yake na babu yake. Kutoka mlango wa jiko langu ninaliona kaburi. Mwanzoni nilikuwa nafunga mlango huo nikipika, halafu moshi ukanishinda, nikauacha wazi.

Kwa ukoo wetu, arobaini ikiisha nguo za marehemu hugawiwa. Shemeji yangu mkubwa alizitoa sandukuni moja moja mbele ya watu. Koti likaenda kwa mjomba wake, viatu kwa binamu aliyekuwa anavaa namba ileile, mashati kwa wadogo zake. Siku hiyo mjane hukaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, anyamaze. Mimi sikunyamaza. Shemeji alipolishika sweta nikasema naomba hilo.

Lilikuwa sweta la mtumba, alilinunua soko la Kiboriloni tulipokuwa bado hatujapata mtoto wa pili. Kijani kilichokolea, kama jani la kahawa. Alilivaa kila asubuhi kwenda kukamua, masika na kiangazi, mpaka viwiko vikatoboka. Hakuna mtu angeligombea. Lakini shemeji akamtazama mama yake.

Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, basi. Vitu vingine anavijua kwa kuvishika.

"Mpeni," alisema. "Lakini alivae. Sitaki lilale sandukuni kama la mtu aliyesafiri." Kisha akanigeukia upande nilipokuwa. "Misa ya mwaka utakuwa umelivaa, na mimi nitalishika."

Nikaitika mbele ya ukoo mzima.

Nililivaa mara moja tu. Mume wangu alikuwa mtu mrefu mwenye mabega, mimi ni mfupi. Lilinifika magotini na mikono ikaning'inia nje ya vidole. Nikaikunja mikono, nikaenda nalo bandani. Ng'ombe akanyoosha shingo, akaninusa kifuani kwa muda mrefu. Halafu akageuza kichwa akawa anaangalia nyuma yangu, mlangoni, na akalia ile sauti ndogo anayolia akimsubiri mtu. Nilikamua hivyohivyo. Alitoa maziwa kidogo sana siku hiyo, na mimi sikulivaa tena.

Lakini ahadi ilikuwa palepale, na kwenda kanisani na sweta la kuburuta nisingeweza. Nikapata wazo. Darasa la sita tulifundishwa kufuma kwenye stadi za kazi, kwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha, na tangu hapo nimefuma kofia za watoto wachanga wa jirani zangu wote. Nikasema nitalifumua sweta lote, nilifume upya kwa kimo changu. Uzi utakuwa wake uleule. Sikumwuliza mtu yeyote.

Ilikuwa Juni, baridi imeshuka, mama mkwe amekaa karibu na moto anapukuchua maharage. Nikafungua mshono wa bega, nikatafuta mwisho wa uzi, nikavuta. Sweta lililofumwa kwa mkono ukilivuta uzi unakuja tu, mmoja, mpaka mwisho. Huu ulikuja mstari mmoja ukaishia pembeni. Nikavuta wa pili, ukaishia pembeni. Nikadhani nimeanzia pabaya, nikaendelea. Ningetakiwa kuacha hapo. Badala yake nilivuta kwa hasira, mstari juu ya mstari, nikisema huko mbele utaungana, mpaka upande wote wa mbele ukawa rundo la nyuzi mapajani mwangu, kila mmoja mrefu kama mikono yangu miwili ikinyooshwa, wala hakuna hata mmoja ulioshikana na mwenzake.

Baadaye mwanamke anayeuza nyanya karibu na meza yangu ya ndizi pale Kiboriloni ndiye aliyenionyesha. Alishika kipande cha mgongo kilichokuwa bado kizima, akanipitishia kidole kwenye mshono wa ndani. Sweta lile halikufumwa kwa umbo la mtu. Lilifumwa kama kitambaa, likakatwa kwa mkasi, likapigwa ovaloki, ule mshono wa cherehani unaofunga kingo. Mkasi ulikuwa umekata kila mstari pembe zote mbili.

"Masweta ya ovaloki hayafumuliwi, dada," alisema. "Hayo unavaa mpaka yaoze." Kisha akalitazama rundo ndani ya mfuko wangu. "Sasa tambi hizi utauza kilo bei gani?"

Alikuwa anatania. Tumekaa meza jirani miaka mingi, na mume wangu alipokufa alifunga biashara yake siku tatu akaja kunipikia. Nilicheka kidogo. Lakini siku ile ya Juni, jikoni, hapakuwa na mtu wa kunichekesha. Mama mkwe alisikia nimeacha kuvuta. Akanyoosha mkono, akapapasa mapajani mwangu, akaingiza vidole kwenye nyuzi. 

"Umemchanachana mwanangu," alisema.

Hakupandisha sauti. Alirudi kwenye maharage yake. Nami nikaenda nje nikasimama kwenye ubaridi, nikijua kwamba amesema kweli, na kwamba kitu pekee nilichoomba siku ile ya mkeka nimekiharibu kwa mikono yangu.

Nilimwambia kesho yake asubuhi, nilipompelekea uji. Nilisema, mama, nitalirudisha. Misa ya mwaka utalishika. Alikunywa uji wake, akanirudishia kikombe.

Nikaanza kuunga kwa kufunga mafundo. Kila nilipopata nafasi nilikaa, nikachukua uzi, nikaufunga na mwenzake, nikakata vimkia. Uzi wenyewe ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nilikunja miwili pamoja ndipo upate unene wa spoki zangu. Nilipofuma kiasi cha kiganja nilimpelekea. Akapitisha vidole juu yake taratibu, kwenda na kurudi.

"Limeota chunusi," alisema.

Kweli lilikuwa limeota. Kila palipokuwa na fundo palivimba, na mafundo yalikuwa kila mahali. Nikalifumua usiku huohuo, nikarudi kwenye rundo. Kwa wiki kadhaa sikuligusa. Mfuko ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nikawa ninaupita kama ninavyompita mtu tuliyegombana.

Kilichonirudisha ni kamba ya ng'ombe. Mume wangu hakununua kamba dukani hata siku moja. Alizisokota mwenyewe kwa magome makavu ya mgomba, akikaa kwenye kigoda nje ya banda baada ya kazi. Kamba ya mwisho aliyoisokota ilikatika mwezi wa Agosti, ng'ombe akatoka akala mahindi ya jirani. Ilibidi nisokote mimi. Sikuwahi kufanya, ila nilimtazama miaka yote ile. Nikalowanisha magome yasipasuke, nikayachana vipande vyembamba, nikaanza kusokota pajani. Kipande cha kwanza kilipokaribia kwisha nikakumbuka alivyokuwa anafanya. Alikuwa haachi kifike mwisho. Kingali na urefu wa kidole anakilaza kipya juu yake, anavisokota pamoja, cha zamani kinapungua huku kipya kinaongezeka, na kamba haijui. Hakufunga fundo kamwe. Alisema fundo linamkwaruza ng'ombe shingoni, mpaka anatoka kidonda.

Nilisokota mpaka kamba ikanifika kiunoni. Kisha nikasimama, nikaenda nyuma ya mlango, nikautoa mfuko kwenye msumari.

Nyuzi zikiwa kavu hazikukubali. Nikizisokota zinashikana, nikivuta zinaachana. Lakini mikono yangu ilikuwa bado na maji ya magome. Nikachambua ncha mbili kwa ukucha zikawa kama pamba, nikazilaza moja juu ya nyingine, nikazilowesha, nikazisugua katikati ya viganja kwa nguvu mpaka viganja vikapata moto. Sufu halisi ikisuguliwa na maji inajikamata. Nikavuta. Haikuachia. Nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, nikaanza kulia, na nikiwa nalia nikachukua uzi mwingine.

Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti moja: nikikaa, mikono isikae. Sikuwa na muda wa kukaa kazini siku nzima kama fundi. Nina ng'ombe na ndama wake, nina kihamba, nina mama mkwe, na siku za soko ninashuka Kiboriloni na mikungu. Muda wangu ulikuwa vipande vipande kama ule uzi. Nikashona mfuko mdogo ndani ya aproni. Upande mmoja nikaweka nyuzi, upande mwingine kichupa cha maji kilichokuwa cha dawa ya kikohozi.

Maji ya ugali yakichemka, niliunga. Mteja akisema anakuja, anazunguka kwanza aone bei za wengine, niliunga. Kwenye foleni ya zahanati nilipompeleka mama mkwe kupimwa presha, niliunga, na nesi akauliza kama mikono inaniwasha. Lakini mahali nilipounga zaidi ni kwenye mfongo. Huo ni mfereji wetu wa kumwagilia, unaotoka mtoni huko juu na kupita kwenye vihamba vyote, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ukifika mapema unasubiri jirani wa juu amalize, na jirani wa juu hana haraka. Wenzangu wakati huo hupiga soga na kulalamika. Mimi nilikaa ukingoni, miguu kwenye majani, maji yakipita karibu sihitaji hata kichupa. Wakazoea. Wakawa wananiambia habari za kijiji mimi nikisugua viganja.

Kuna siku sikuunga hata nyuzi tatu. Kuna siku nilikuta nilichounga jana kimeachia, nikarudia. Sikupima kwa siku. Nilipima kwa donge. Kwanza lilikuwa kama limau, likakaa kama limau muda mrefu sana, nikafikiri halitakua. Kisha likawa kama chungwa. Wakati wa kuchuma kahawa sikugusa kitu, vidole vilikuwa vinanata. Mvua za vuli zilipoanza donge lilikuwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na mama mkwe akawa analiomba jioni. Analiweka mapajani, analizungusha, anatafuta mafundo. Hakusema anatafuta mafundo, lakini nilijua.

"Limefika wapi?" aliuliza kila asubuhi, kabla hata sijamwamkia.

"Shikamoo, mama. Linakuja."

"Marahaba. Linakuja kwa miguu au linatambaa?"

"Linatambaa."

"Haya. Hata wewe ulichelewa kutembea, mama yako aliniambia."

Niliweka vitanzi vya kwanza mwezi wa Novemba. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulifikiria. Kila maungio yanakula uzi, kidole kimoja huku na kidole kimoja huku, na maungio yangu hayakuwa na idadi. Na viwiko vilikuwa vimeisha kabisa, na miisho mingi ilikuwa mibovu nikaitupa. Nilipofuma mgongo na kulitazama donge lililobaki, nilijua hakutakuwa na mikono. Huenda hata kifua kisitoshe.

Yule jirani yangu wa nyanya akaona mtumba mwingine wa kijani, siku mzigo mpya ulipofunguliwa, akaniwekea chini ya meza yake. Sufu nzuri, rangi karibu ileile, tena haukuwa wa ovaloki, alikuwa ameukagua. Aliufunua kwa furaha.

"Changanya," alisema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani mwingine?"

Nikamwambia na mama mkwe atajua, ana vidole kama vya polisi. Akasonya, akaurudisha chini ya meza, na baadaye akamuuzia mtu mwingine. Alininunia mpaka saa ya kufunga. Sikumlaumu, alikuwa ametoa hela yake.

Krismasi ikafika. Watu wote wakapanda nyumbani kutoka Dar na Arusha na kwingine, wanangu wakiwemo, kijiji kikajaa magari, na kwetu wakalala mpaka sebuleni. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila yeye. Wifi yangu mdogo aliniona nasugua viganja kando ya sufuria, akaniuliza kwa upole kwa nini ninajitesa, akasema atanitumia sweta jipya kabisa la kuvaa siku ya misa, la dukani, lenye vifungo. Nilimshukuru. Nilitaka kumweleza habari za kamba ya ng'ombe, nikaona itakuwa ndefu. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale anasikia. "Mwache," alisema. "Ana kazi yake." Yalikuwa maneno ya kwanza ya kunikingia kifua aliyosema tangu Juni.

Januari nilimaliza kifua. Uzi ulitosha kifua na shingo, ukabaki kidogo wa makwapa. Nikashona mabega na mbavu kwa uzi uleule, kwa sindano ya gunia, na sasa kilichobaki ni kuzungusha ukingo penye matundu ya mikono ili pasijikunje. Kazi ndogo. Lakini Februari ilikuwa kiangazi cha kweli, zamu za mfongo zikawa za kugombaniwa, ndama akaumwa, na wiki ya misa ikaingia matundu yote mawili bado wazi.

Misa ilipangwa Jumamosi baada ya Majivu. Jumatano nilikwenda kupakwa majivu, nikarudi nyumbani kwa njia ileile, nikaingia bandani kwanza kabla ya kuingia ndani. Nilisimama pale mlangoni kiasi. Kisha nikatoa spoki zangu, nikakaa kwenye kigoda chake, nikafuma ukingo wa tundu la kushoto mpaka ndama alipolia njaa.

Tundu la kulia nililifuma siku ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi zilikuwa zimechemshwa tangu wiki iliyotangulia, tukawa tunasubiri uji wa ulezi upoe tuchanganye, wanawake wamejaa uani wanamenya ndizi nyingine za machalari, za kupikwa na nyama. Mtu aliniambia niache hayo nishike kisu. Nikasema nipeni mpaka upoe. Ulipopoa nilikuwa ninakata uzi. Kilichobaki cha donge kilikuwa kidogo kama punje ya maharage.

Jumamosi alfajiri, kabla wageni hawajaamka, nilimpelekea mama mkwe chumbani kwake. Alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa kitandani na kitambaa kichwani. Nikaliweka mapajani mwake.

Alianzia shingoni. Akapita mabega, akafika penye tundu la mkono, akaingiza mkono wake, ukatokea upande wa pili. Akagundua hakuna mikono. Akaendelea. Alipita kifua mstari kwa mstari, mgongo mstari kwa mstari, polepole sana, na mimi nimesimama kama mtoto anayesahihishiwa. Huko nje jogoo wa jirani anawika. Akafika kwenye pindo la chini, karibu na ubavu, na kidole kikasimama.

"Hapa pana fundo."

Nikapiga magoti nikaangalia. Lilikuwepo. Dogo, gumu, la yale ya mwanzo kabisa, ya Juni, lililobaki nilipofumua chunusi zangu. Nilikuwa nimeliingiza ndani bila kuliona.

"Nililisahau, mama. Nikilikata litafumuka."

"Usilikate." Alilisugua na kidole gumba, huku na huku. "Ulilifunga siku zile?"

"Siku zile."

Akalinyanyua sweta kwa mikono yote miwili. "Inama," alisema. Nikainama, akanivisha kichwani, juu ya gauni langu la misa, akalivuta chini kiunoni kama anavyovutiwa mtoto anayekwenda shule. Lilinikaa. Akanipapasa mgongo mara moja kuona kama limenyooka.

"Haya," alisema. "Nipe fimbo yangu."

Tulikwenda kanisani tumeshikana mikono, yeye upande wangu wa kulia. Baada ya misa padri alikuja nyumbani kubariki kaburi. Watu wakala, wakanywa, shemeji akawashukuru, wengine wakalia tena. Yule jirani wa nyanya alinizunguka mara mbili akilikagua sweta, akaniambia Juni baridi itarudi, mikono iko wapi. Nikamwambia imeliwa. Akasema angalau tambi zimeiva.

Jioni wageni walipopungua nikasikia ng'ombe analia, hakuna aliyemkumbuka. Nikachukua ndoo nikaenda bandani vilevile nilivyokuwa nimevaa. Akanyoosha shingo akaninusa kifuani. Nilisubiri ageukie mlangoni. Akarudisha kichwa kwenye majani yake akaendelea kula, nami nikavuta kigoda, nikakamua.